Kadi ya Mama Mercy Haina Mercy

Kuna swali moja ambalo ukiliuliza katika nyumba za kwetu Kakamega, mwenyeji anasimama na kukuonyesha njia ya kwenda barabarani kwa upole mkubwa. Swali lenyewe ni hili: una watoto wangapi? Kwetu watoto hawahesabiwi. Mtoto anatajwa kwa jina, au mzazi anakujibu tu "wako", na hapo umemaliza. Anayehesabu watoto anayaonyesha mauti mahali pa kuanzia, ndivyo tulivyolelewa. Sasa nyinyi vijana mnanunua bima ya afya kwa simu, na simu inauliza hilo hilo kabla hata ya salamu, nanyi mnabonyeza nambari huku mkitafuna njugu. Haya basi. Mimi nimestaafu, sina ugomvi na simu. Lakini niliuza bima katika kaunti hii mpaka watu wakasahau jina langu wakaniita Mama Bima, na sina mtoto aitwaye Bima. Mengi ninayoyajua kuhusu kuchagua bima ya nyumba yalitokana na swali hilo kukataliwa.

Nilipoanza, tulipelekwa semina Nairobi tukafunzwa namna ya kuzungumza na mteja. Tabasamu, mtaje kwa jina, uliza idadi ya wategemezi. Nilirudi na mkoba mpya na viatu vya visigino, nikaenda Shirere kwa mama mmoja wa ukoo wa mama yangu mzazi, nikamwuliza idadi. Alinitazama kutoka visigino hadi kichwa. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nikamwambia, akasema, "Na mama yako anajua umekuwa hivi?" Mila hiyo niliijua tangu utotoni. Ila karatasi ilikuwa imeniambia niulize, na karatasi iliyotoka Nairobi ina nguvu zake juu ya mtu aliyevaa visigino.

Aliyeniokoa ni Bwana Rajabu, wakala mzee kutoka Mumias ambaye kampuni iliniambia nifuatane naye. Alikuwa mtu wa kofia nyeupe na baiskeli, na kila nyumba aliingia na salaam aleikum, hata nyumba ya mchungaji, na mchungaji aliitikia vizuri tu. Aliponiona nimekalia kiti cha wageni nikiwa na kalamu tayari, alininyang'anya kalamu. Tulipotoka nje akaniambia nisiulize wangapi, niulize nani. Nani anasoma mbali? Nani bado ananyonya? Nani alikohoa wiki iliyopita? Mzazi atakutajia majina yote bila kuhesabu hata mmoja, na wewe utahesabu kimyakimya ukishafika barabarani, huko ambako mauti hayasikii. Nimeyatumia maswali hayo miaka yote. Baadaye niliongeza moja la kwangu: nani analala kwa nyanya yake? Swali hilo lilitoka Likuyani, kwa msichana mgonjwa ambaye wazazi wake walikuwa wamebakisha saini tu wamwache nje ya bima ya nyumba nzima. Nitafika huko. Kwanza nielewe kama mnajua bima ni nini, maana naona wengi wenu mnainunua kama mnavyonunua kifurushi cha intaneti.

Bima ya afya haichaguliwi kwa bei. Najua mtaanza na bei, kila mtu anaanza na bei, lakini bei iwe ya mwisho. Anza na hospitali. Jiulize, nikiugua kesho, miguu yangu na ya watoto wangu itatupeleka wapi? Ukishapata jibu, nenda pale pale, simama kwenye dirisha la bima, umwulize karani kama kadi unayotaka kununua wanaipokea. Usimwulize wakala. Nasema hivyo nikiwa wakala. Mfanyabiashara mmoja wa soko la Matete alinunua bima kwa sababu walimpa mwavuli mzuri wenye mistari, na orodha ya hospitali ilikuwa ndefu kama ukoo wa chifu. Alipopata homa ya mapafu, tuliisoma orodha hiyo pamoja, tukakuta hospitali nzuri nzuri za Nairobi, Mombasa, Nakuru, na hakuna hata moja ambayo mke wake angeweza kumfikisha kwa pikipiki. Mwavuli anao mpaka leo. Nikipita Matete ananifungulia kwa mbali, mvua inyeshe isinyeshe, tunacheka.

Pili, ujue unanunua kulazwa, au unanunua pia kutibiwa na kurudi nyumbani. Watu wa ofisini mjini hupenda ile ya kutibiwa na kurudi, kwa sababu wana kikohozi cha kiyoyozi na macho ya kompyuta. Mkulima hana haja sana na hiyo. Mkulima haendi hospitali mpaka abebwe, na akibebwa analazwa. Kwa hiyo usiige bima ya jirani. Jirani anaugua magonjwa yake.

Tatu, na hili Bwana Rajabu alilijua kwa machozi yake mwenyewe, uliza mambo ya uzazi mapema. Yeye aliuza bima kwa nusu ya Mumias, na kwake nyumbani alichukua ile isiyolipia uzazi, akasema wao na mkewe wameshafunga duka. Duka lilifunguka lenyewe, na wakatoka mapacha. Ofisi nzima tulimpa pole huku tukiziba midomo. Alikuja mwenyewe kutueleza kwamba angejaribu kuinunua wakati mimba ikionekana, asingefaulu, kwa sababu uzazi una kipindi cha kungoja, na kwa bima nyingi kipindi hicho ni kirefu kuliko mimba yenyewe. Kisha akacheka kuliko sisi sote. Bima si mwavuli wa kununua mvua ikishaanza, alipenda kusema hivyo, na baada ya mapacha aliyasema akiwa na haki kabisa.

Sasa Likuyani.

Kule kaskazini ni nchi ya mahindi, mashamba yaliyokuwa ya Wazungu kisha yakagawanywa kwa wazee wetu, na watu wake wanafanya mambo kwa mpango kuliko sisi wa mjini. Wanyonyi alikuwa mmoja wao. Alinipigia simu baada ya kuuza mavuno, akaniambia anataka bima ya nyumba yake, ameshazungumza na mwenzangu mmoja wa kampuni nyingine akaona bei, anataka tu nimthibitishie. Nilifika nikakuta kila kitu tayari. Kitambulisho chake, cha mke wake, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Nilianza maswali yangu ya nani, lakini hakunipa nafasi. Alitaja mwenyewe, moja kwa moja: Brian, Sheila, Kevin, na kale kadogo, Faith. Mke wake alikuwa ameketi mlangoni akichambua kunde.

Walinipikia kuku. Niwaambie siri ya kazi: ukipikiwa ingokho, kuku wetu huyo, siku ya kwanza, shika moyo. Mtu wa kwetu akikusudia kukuambia hapana, hukulisha kwanza ili hapana ishuke na mchuzi. Nilikula obusuma, ugali wetu, nikijua kuna kitu katika nyumba hiyo hakijasemwa, nikidhani ni bei.

Tulipokuwa tunanawa mikono, jirani aliita kutoka kwenye ua akitaka ungo. Aliita, "Mama Mercy!" Mke wa Wanyonyi akainuka akampelekea. Nami nikatazama vyeti pale mezani. Brian, Sheila, Kevin, Faith.

Nyinyi mnajua, kwetu mwanamke akishazaa jina lake linapumzika. Anaitwa kwa kifungua mimba chake mpaka azikwe. Kama yeye ni Mama Mercy, basi Mercy alitangulia. Na kama Mercy alitangulia na hayumo mezani, kuna mambo mawili: ameolewa, au amekufa. Mama huyo alikuwa bado kijana, hangeweza kuwa na binti wa kuolewa. Kwa hiyo nikajiambia ni kaburi. Kaburi la mtoto haliulizwi na mgeni aliyekuja na kalamu. Hata Bwana Rajabu hakuwa na swali la nani kwa ajili hiyo. Nilisikitika, nikatoa karatasi ili Wanyonyi atie saini.

Mama Mercy alirudi, akapita nyuma yetu akaingia chumbani, akatoka na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Alikiweka mezani juu ya karatasi zangu, pale pale pa kutia saini. Akaniuliza kama nitapitia Mumias wiki hiyo, kwa sababu kuna soksi za sufu amefuma na anataka zimfikie mtu kwa mama yake mzazi. Nikauliza ni za nani.

"Za Mercy," akasema. Alimtazama mumewe, wala hakunitazama mimi.

Maiti hafumiwi soksi. Nikaweka kalamu chini, nikauliza Mercy anasoma darasa la ngapi, kwa sauti ile ile ya maswali yangu ya nani. Wanyonyi alijibu badala ya mkewe. Alisema Mercy yuko kwa kukhu wake, yaani nyanya yake, Mumias, kwa sababu baridi ya Likuyani asubuhi inamwingia kwenye mifupa. Ana ugonjwa wa damu, selimundu, ule ambao chembe za damu zinajipinda kama mundu na mtoto analia mwili mzima. Joto la Mumias linamsaidia kidogo. Kila mwezi wanampelekea dawa. Alieleza vizuri, kama mtu aliyekaa sana na madaktari. Nilimwona kuwa baba anayempenda mtoto wake, na hilo lilinichanganya zaidi. Nikamwuliza kwa nini basi hayumo.

Jibu lake nimelibeba miaka yote, kwa hiyo nitaliandika alivyolisema.

"Mama Bima, wewe hujawahi kupeleka mahindi bohari. Unapakia lori zima, mahindi makavu, yako sawa. Ukifika, yule mtu wa kupima anadunga kile chuma chake kwa gunia moja, moja tu, anapata ni bichi. Unajua anasemanga nini? Rudisha lori. Sasa mimi niko na watoto wazima hapa. Nikiweka Mercy juu, mtadunga Mercy, mtarudisha nyumba yote."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amefikiri usiku na mchana, akatumia akili ambayo shamba lilimpa, akaona njia ya kuwaokoa wengine ni kumshusha mmoja kwenye lori kabla halijafika langoni. Na mila ilimsitiri vizuri. Mahali ambapo watoto hawahesabiwi, nani atajua mmoja amepungua? Niliona uchungu mwingi siku hiyo, wa mama mlangoni na wa baba mezani, na wote wawili walikuwa na haki. Mimi nilikuwa na karatasi tu.

Nikamweleza. Haya ninayowaambia nyinyi sasa ndiyo niliyomwambia Wanyonyi, kwa hiyo sikilizeni. Bima haipimwi kama lori. Mtoto mgonjwa harudishi nyumba nzima. Kuna kampuni itakayosema huyo mmoja hatumtaki, wengine waingie. Kuna itakayosema aingie lakini mwongeze ada. Na kuna itakayosema aingie, ila kwa ugonjwa huo alio nao tayari asubiri mwaka ndipo tuanze kumlipia. Kwa malaria na mguu uliovunjika atatibiwa na wenzake. Tofauti hizo ndizo za kutafuta unapochagua, na huwezi kuzijua ukificha ugonjwa. Ukimficha mtoto, hana bima. Ukimweka mtoto ukauficha ugonjwa, ni vibaya zaidi, kwa sababu siku ya kulazwa daktari ataandika tangu lini, na kampuni itasema ulidanganya, na hapo kweli wanaweza kurudisha lori. Mficha maradhi kifo humuumbua. Hiyo ni methali ya zamani, hakuna kampuni iliyoitunga.

Wanyonyi alisikiliza kwa heshima. Halafu akaniuliza swali la mkulima: huo mwaka wa kungoja, si ni kulipa bure? Unalipia mtoto na hawamtibu kile anachougua. Nilikuwa na jibu la semina tu, na nililionea aibu kabla ya kulitoa. Aliyejibu ni mkewe, ambaye alikuwa amerudi kwenye kunde zake.

"Na mahindi mabichi sisi tunafanyianga nini, Baba Mercy? Tunatupa?"

Wanyonyi alikivuta kile kifurushi cha soksi karibu.

"Tunaanika," mkewe akasema. "Tunaanika, tunangoja."

Nimehudhuria semina nyingi za bima, na sijasikia kipindi cha kungoja kikielezwa vizuri kuliko hapo. Mumewe alikaa akichezea kona ya kile kifurushi cha soksi. Tena ona, alikuwa amemwita Baba Mercy. Jina hilo lilikuwa lake pia, na hakuna cheti kilichoweza kumwondolea. Mwishowe aliisukuma ile karatasi ya kwanza kando, akaniambia nitoe nyingine, nianze kuandika upya, kutoka juu.

Haikwisha siku hiyo. Ile bima ya bei nafuu aliyokuwa ameitaka haikumfaa tena hata kidogo. Hospitali zake zilikuwa za upande wa Eldoret, na mtoto aliyeihitaji zaidi yuko Mumias. Ndiyo maana nawaambia: familia yako haiko mahali pamoja. Mwanafunzi yuko bweni, mzee yuko kijijini, wewe umepanga nyumba Amalemba mjini. Chora ramani ya watu wako kwanza kisha uiwekee orodha ya hospitali juu yake. Wakati huo niliuzia kampuni kadhaa, kwa hiyo niliuliza moja, wakamkataa Mercy kwa barua fupi yenye maneno matamu. Nyingine ikamkubali, kwa mwaka wa kungoja, na hospitali moja ya Mumias ilikuwemo. Nilikwenda mwenyewe kuuliza dirishani. Bwana Rajabu alikuwa ameshastaafu wakati huo, akanisindikiza, akamsalimia karani kwa dua nyingi mpaka karani akatutafutia jibu la maandishi.

Ikabaki habari ya chungu. Bima nyingine zinampa kila mtu sahani yake: hiki ndicho kiasi cha Brian, hiki cha Sheila, mtu akimaliza chake asiguse cha mwenzake. Nyingine zinaweka chungu kimoja, nyumba nzima inachota humo. Mkiwa wote wazima, sahani ni salama. Mkiwa na mmoja ambaye ugonjwa wake mnaujua, chungu kinamsaidia, kwa sababu atakula hata sehemu ya wale ambao hawakuugua. Lakini mjue pia akikikomba, mwingine akivunjika mguu Desemba atakuta ukoko. Hakuna jibu la kila nyumba. Wanyonyi na mkewe walibishana jambo hili jioni nzima, mimi nikinywa chai, na walichagua chungu. Walichagua wakijua, na hilo lilinitosha.

Ngoja kidogo, kabla sijasahau, kuna neno lingine la kutazama: mama. Mwalimu mmoja kijana aliniambia anataka kumwekea mama yake bima, akaniletea kitambulisho cha mama mdogo, yaani dada ya mama yake, aliyemlea. Kwa moyo wake hakuna uongo hapo, na kwa lugha yetu hakuna uongo pia. Sisi kila mmoja wetu ana mama kadhaa. Kampuni inatambua mmoja tu. Nyingine zinakubali mlezi kwa hati ya chifu au ya mahakama, nyingine hazikubali kabisa. Uliza kabla ya kulipa, usije ukamfikisha mama mapokezi ndipo aambiwe si mama. Yule wa mwalimu aliambiwa. Mama huyo alimwambia karani amwulize basi huyu mvulana ni nani aliyemwosha akiwa na surua. Karani hakuwa na mahali pa kuandika jibu hilo.

Mwaka wa kuanika ulikuwa mrefu. Niliwakataza kuacha kulipia bima ya serikali, nanyi nawakataza vilevile. Ya kampuni ni ya kuongezea tu. Mvua za masika zilipoanza, Mercy alishikwa na maumivu Mumias, wakamlaza hospitali ya umma, na mama yake akashuka kutoka Likuyani akakaa naye. Wanyonyi alinipigia. Hakulalamika. Aliuliza tu kama ile kadi imeiva.

Nikamwambia, "Bado, Baba Mercy. Haijakauka."

Hakucheka, na mimi sikucheka. Siku hiyo niliichukia kazi yangu, na kama kungekuwa na mtu wa kumrudishia ule mkoba wa semina ningemrudishia. Mercy alipata nafuu, akarudi kwa kukhu. Mimi nikaendelea kuuza.

Nimewaambia haya ili simu ikikuuliza ni wangapi, usibonyeze upesi. Weka simu chini. Wataje kwanza, mmoja mmoja, pamoja na yule anayelala kwa nyanya yake, na yule ambaye ugonjwa wake hamuutaji mezani. Ukishawataja wote ndipo uipe simu nambari yake. Na ukurasa wa mwisho wa masharti, wenye maandishi madogo, usome kabla ya ule wa kwanza wenye picha ya familia inayocheka. Sijawahi kukutana na familia hiyo. Nadhani hawaugui.

Mwaka ulipokwisha, Wanyonyi ndiye aliyenipigia mimi kunijulisha, kana kwamba mimi ndiye mteja. Baada ya wiki chache baridi ilishuka hata Mumias, na maumivu yakarudi. Mama Mercy alinipigia wakiwa njiani na mumewe kumpeleka mtoto hospitali, na kwa kuwa nilikuwa Mumias kwa mteja mwingine, nilitangulia dirishani. Hapo ndipo nilipomwona Mercy kwa mara ya kwanza. Msichana mwembamba, macho ya manjano kidogo, amevaa soksi za sufu na viatu vya wazi, ameegemea bega la mama yake kwenye benchi bila kulia. Nadhani alikuwa ameshajifunza kwamba kulia kunachosha.

Karani alikuwa kijana mgeni wa huku, adabu zake nzuri, vidole tayari kwenye kompyuta. Aliingiza nambari ya kadi, mtambo ukasita, akaomba kuhakikisha mambo machache na mwenye bima. Jina. Mahali anapoishi. Kisha akauliza kama alivyofunzwa, bila ubaya wowote, "Mzee, watoto kwenye kadi ni wangapi?"

Nilisogea mbele nimwambie aulize nani. Ilikuwa mazoea tu, ulimi wangu ulishafunguka. Wanyonyi akaniwekea mkono mbele, kama unavyomzuia mtu asikanyage nafaka iliyoanikwa. Aligeuka akatazama benchi. Mama Mercy alikuwa amesikia swali, na alikuwa amemshika mtoto kwa mikono miwili.

"Watano," Wanyonyi akasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu pale. "Anza na Mercy."